Siku Tatu za Mwanzo Hazina Mwenyewe

Tume ya Umoja wa Ulaya ilipotoa mkakati wake wa kujiandaa na majanga, Machi 26, 2025, ni kipande kimoja tu kilichofika kwenye simu zetu: wito kwamba kila kaya ihimizwe kuwa na chakula, maji, dawa na mahitaji mengine ya kuitosha kwa angalau saa 72. Kamishna Hadja Lahbib alijirekodi akitoa kimoja kimoja vitu vilivyomo kwenye mkoba wake wa dharura, na video ile ikazunguka dunia. Miezi minne kabla ya hapo Sweden ilikuwa imeanza kusambaza kijitabu cha aina hiyo kwa zaidi ya kaya milioni 5, kikitaka kila nyumba iweze kujikimu kwa wiki nzima. Huku kwetu Afrika Mashariki habari hizi zimepokewa kwa namna mbili. Wapo wanaosema Wazungu wamekwisha kujua kwamba vita vya tatu vya dunia vinakuja, ndiyo maana wanajaza stoo. Na wapo wanaosema hayo ni mambo ya watu wenye mishahara na friji kubwa. Sisi tunaotafuta leo tule leo hayatuhusu. Wote wamekosea, lakini kosa la hawa wa pili ndilo linalotugharimu.

Saa 72 hazikupigiwa hesabu ya urefu wa vita. Ni makadirio ya muda unaoweza kupita kabla msaada wa maana haujamfikia mtu aliyepatwa na janga, hata katika nchi yenye barabara za lami kila kona. Kwetu muda huo ni mrefu zaidi. Tuna maghala ya taifa, tuna bodi za nafaka, tuna idara za maafa, na tumezoea kuamini kwamba vyombo hivyo vimebeba jukumu lote. Lakini ghala la taifa limejengwa kwa ajili ya njaa inayokuja taratibu, ile ya mvua kukosekana msimu mzima. Siku tatu za mwanzo za mafuriko, maporomoko ya udongo au barabara kukatika hazina mwenyewe. Serikali haijafika, wafadhili hawajafika, na kaya haikujiandaa kwa sababu haikuambiwa kwamba zamu hiyo ni yake.

Mwezi mmoja baada ya wito wa Ulaya, Aprili 28, 2025, umeme ulikatika mchana kweupe karibu katika nchi nzima za Hispania na Ureno. Hakukuwa na vita wala bomu. Treni zilisimama njiani, taa za barabarani zikazimika, mashine za kulipia kwa kadi zikafa, na watu wakapanga foleni kutafuta redio za betri, mishumaa na maji ya chupa. Waliokuwa na noti mfukoni walinunua. Wasiokuwa nazo walitazama tu. Umeme ulirejea sehemu nyingi kabla ya alfajiri iliyofuata, kwa hiyo hayakuwa maafa makubwa, lakini yalionyesha kwamba maandalizi yaliyochekwa mwezi Machi yalihitajika mwezi Aprili.

Sisi hatuhitaji kwenda Hispania kutafuta ushahidi. Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Miezi minne baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge, Aprili 25, 2024, kwamba mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000. Rufiji na Kibiti vilikuwa na vitongoji vilivyofikika kwa boti tu. Kisha mapema Mei kikaja Kimbunga Hidaya, ambacho kilipungua nguvu kilipokaribia kisiwa cha Mafia, na watu wengi wakashusha pumzi. Mvua zake hata hivyo ziliikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa malori na mabasi yakabaki yamepanga mstari pande zote mbili. Hapa ndipo penye funzo ambalo halikusemwa vya kutosha. Maelfu ya watu wa Lindi na Mtwara hawakuingiliwa na maji hata sebuleni, lakini waliguswa na janga kwa sababu bidhaa zao hupita njia moja. Unaweza kuwa mlimani, juani, salama kabisa, na bado dharura ikakukuta dukani.

Au ikakukuta kwenye simu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa, na kwa siku kadhaa maduka mengi na vituo vya mafuta vikafungwa. Siasa za siku zile zina mahali pake pa kujadiliwa, na zinastahili kujadiliwa kwa uzito. Hapa nazungumzia jikoni tu. Wengi walikuwa na fedha kwenye simu lakini mawakala wamefunga, kwa hiyo zikawa tarakimu zisizonunua kitu. Mtaani ninakoishi Mangi, mwenye duka letu, aliuza kupitia dirisha dogo la nondo, akimpimia kila mtu nusu kilo ya unga ili wengi wapate, na hata hivyo unga wake haukufika siku ya tatu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya akiba ya nyumbani ni umaskini, na siwezi kuipita juu juu. Mtu anayenunua mafuta ya kula ya kupimiwa kwenye kifuko, unga robo, na mkaa wa kopo, hanunui hivyo kwa kukosa akili. Ananunua hivyo kwa sababu kipato chake huingia hivyo, na analipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Kumwambia ajaze stoo ni kumtukana. Lakini hebu tuitazame hesabu yenyewe kabla ya kuikataa. Kinachoua haraka kuliko njaa katika siku tatu hizo ni maji, ama kukosekana au kuwa machafu, maana mafuriko yanapofurika vyoo na visima, kipindupindu hufuata. Kaya ya watu watano ikitumia lita tatu kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, inahitaji lita 45. Hayo ni madumu matatu ya lita 20, yakibaki na ziada. Nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, ambako maji ya bomba huja kwa mgao, tayari zina madumu hayo na zaidi. Tatizo ni kwamba hujazwa siku maji yakitoka na kukaa matupu siku zinazofuata. Kidonge kimoja cha WaterGuard, dawa ya kuua vijidudu vya maji, hutibu dumu moja la maji yasiyo na tope. Na kwa anayeharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visivyolundikwa, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, huokoa maisha kabla ya zahanati kufikika. Sehemu hii ya akiba haihitaji mshahara. Inahitaji mazoea.

Chakula ndicho kigumu, na hapo kaya moja moja haiwezi kuachiwa mzigo. Ila wanawake wa miji yetu wamekwisha kulitatua tatizo hili kwa sababu nyingine. Vikundi vya kuweka akiba vya vyakula, vikoba na vyama, huchangishana kila wiki ili kabla ya Ramadhani au Krismasi kila mwanachama apate mchele, sukari, mafuta na unga kwa bei ya jumla. Mfumo upo, mtunza hazina yupo, kuaminiana kupo. Kinachokosekana ni kikundi hicho kuongeza mgawo mmoja mdogo unaotolewa kabla ya masika, wa vitu visivyohitaji moto mwingi: karanga, tende, maharage yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa, unga wa lishe. Nasema visivyohitaji moto mwingi kwa sababu mkaa uliolowa hauwaki, na gunia la mchele lisilo na moto halimshibishi mtoto. Wajapani, ambao tetemeko ni jambo la maisha yao, hufundishana kula kilichotangulia kununuliwa na kufidia kila kinachotoka, ili akiba isichakae kabatini. Mama yeyote aliyelea watoto wengi analijua hilo bila kufundishwa na mtu wa Tokyo.

Vijijini hali ni tofauti, na hapa ndipo ninapoona uchungu. Akiba ilikuwepo. Mahindi yalining'inizwa darini juu ya moshi wa jiko, mtama na uwele vikakaa kwenye vihenge, mihogo ikaachwa shambani kama benki ya ardhini. Mwaka 1974, ukame ulipobana, nchi ikaingia katika kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na sheria ndogo za vijiji zililazimisha mazao yanayostahimili ukame. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mdudu mgeni akaonekana Tabora: dumuzi, ambaye wakulima wengine walimwita skania. Huyu hutoboa hindi likiwa bado kwenye gunzi na kuacha vumbi tupu. Dari la moshi halikumzuia. Wakulima wakalazimika kupukuchua mapema, kununua dawa za unga, na wengi wakaona ni afadhali kuuza mavuno yote mwezi wa saba kuliko kumlisha mdudu. Mwezi wa pili wanarudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Kwa hiyo ukisikia mtu wa mjini akisema wakulima wetu hawana utamaduni wa kuweka akiba, jua hajamwona dumuzi akifanya kazi.

Dawa ya tatizo hili ipo na si ya ajabu: mifuko ya kuzuia hewa, inayouzwa kwetu kwa jina la kinga njaa. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mfuko mmoja wa nje wa kawaida. Ukiifunga vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa bila sumu yoyote. Lakini nafaka lazima iwe imekauka sawasawa, na hapa ushauri wa haraka wa “wekeni akiba” unaweza kuua. Mwaka 2004 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua Dodoma na Manyara. Haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Kipimo cha kijijini hakigharimu kitu: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, iache itulie dakika kumi au kumi na tano. Chumvi ikigandama kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu. Rudisha juani, juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Afisa ugani anayefundisha kipimo hiki mwezi wa sita anaokoa watu wengi kuliko lori la msaada litakalokuja mwezi wa nne.

Hoja ya pili dhidi yangu inasema wito wa aina hii huihamishia kaya wajibu wa serikali. Ina ukweli ndani yake, na anayeitoa anastahili jibu la heshima. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotaka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wenye maghala Makambako, Songea, Sumbawanga na kwingineko. Kenya ina Bodi ya Nafaka na Mazao. Kama kamati ya mtaa ipo kwenye karatasi tu, na chakula cha ghala hutoka baada ya maombi kupanda kutoka kijiji hadi wilaya, mkoa na kuendelea, basi kumwambia mwananchi ajinunulie tende ni kumkimbia. Nakubali. Ila tazama wanaotoa wito huu kwa uzito: Sweden na Finland haziwaambii raia wajitegemee ili serikali ipumzike. Finland ina chombo cha umma kinachohifadhi nafaka, mafuta na dawa za nchi. Sababu wanayoitoa ni ya foleni. Mwenye uwezo wa kukaa siku tatu bila kuomba maji, humwachia nafasi yule asiye na uwezo kabisa, mgonjwa, mzee, mjamzito. Maboti ni machache popote duniani. Swali ni nani aanze kuchukuliwa.

Wengine husema akiba ya nyumbani haina maana kwa sababu mafuriko huja na kuibeba. Wanaosema hivyo wameona mafuriko, na wako sahihi kuhusu gunia lililokaa sakafuni. Hitimisho lao ndilo fupi. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku. Siku tano baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka, wakamiminika kuelekea Sake kwa miguu, na lava ilikuwa imeharibu miundombinu ya maji ya mji. Mtu wa pale alihitaji kitu cha kubebwa mgongoni. Anayeishi bondeni Jangwani, Dar es Salaam, au kando ya Mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, naye anahitaji hicho hicho: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, noti ndogo ndogo, tochi, khanga mbili, na dawa. Juu ya dawa niseme zaidi, kwa maana ndizo husahauliwa. Mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV hawezi kusubiri siku tatu kwa amani. Kliniki nyingi sasa humpa mgonjwa aliyetulia ARV za miezi mitatu au zaidi, na hiyo ni akiba kubwa ya dharura ambayo tayari iko kabatini. Iwekwe mahali pa kunyakuliwa gizani. Kwa anayetumia insulini, umeme ukikatika, chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, kivulini penye upepo, huipoza vya kutosha kuisaidia isiharibike upesi. Kwa mfugaji wa Turkana au Marsabit, ambaye akiba yake hutembea kwa miguu minne na ambaye misimu mitano ya mvua ilimkimbia kuanzia 2020, ushauri ni mwingine kabisa, na programu ya Kenya ya kuwatumia fedha kabla mifugo haijafa ni njia bora kuliko mkoba wowote.

Hoja dhaifu kuliko zote, lakini inayopendwa sana, ni kwamba kuzungumzia akiba kutaleta taharuki, watu watafagia maduka na bei zitapanda. Mambo huenda kinyume. Machi 13, 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, foleni za supamaketi za Nairobi zilijaa siku hiyo hiyo. Aliyejaza dumu na kopo la karanga miezi miwili kabla hakuwa na sababu ya kukimbia. Akiba inayokusanywa taratibu wakati wa mavuno huondoa watu kwenye foleni ya siku ya hofu. Nadhani woga huu una mizizi mirefu kwa Watanzania wa umri fulani. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Sokoine, kukutwa na katoni za sabuni au mifuko ya sukari nyumbani kulikuwa balaa, na watu walitupa bidhaa usiku. Ulanguzi ulikuwepo na uliumiza watu. Lakini kumbukumbu ile iliacha hisia kwamba nyumba yenye vitu ina kosa, na wakati umefika wa kuitofautisha familia yenye kilo nane za chakula na mfanyabiashara mwenye tani nane anayesubiri bei ipande.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kazi imegawanyika, na kila sehemu ina mwenyewe. Kaya ijaze maji, dawa na mkoba wa kubeba. Kikundi kibebe chakula. Mwenye nyumba ya kupangisha, yenye vyumba kumi na familia kumi, aruhusu wapangaji kuwa na tanki moja la pamoja mahali palipoinuka, maana mpangaji wa chumba kimoja hana pa kuweka hata madumu matatu. Mtaa uwe na stoo ndogo kwenye shule, msikiti au kanisa lililo juu ya mkondo wa maji, yenye turubai, vidonge vya kutibu maji, koleo na orodha ya wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Orodha hiyo mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuiandika kwa jioni moja, kwa sababu anawajua kwa majina.

Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua kuanza, na mara nyingi utabiri huo husomwa kwenye taarifa ya habari kwa maneno ya wastani na juu ya wastani, ukaishia hapo. Ungefaa utoke pamoja na maelekezo ya nini kiwekwe, wapi, na kabla ya tarehe ipi. Utabiri wa masika ujao utakapotoka, diwani wa kata yoyote ya bondeni aulizwe mbele ya wananchi: kamati ya maafa ya mtaa ina nani, stoo yake iko wapi, na ndani yake leo hii kuna nini.